Mzazi Ahamapo, Deni Lisimfuate

Wapo wazee wa Homa Bay wanaohamia kwa wana wao mjini Migori. Zamani sehemu hizi zilikuwa wilaya moja, Nyanza Kusini. Lakini tangu ugatuzi wa mwaka 2013, huduma za maji ziko chini ya kaunti. Kuhama kwa mzee hakufungi akaunti aliyoiacha. Boma la Mluo halitupwi. Basi mfereji unaovuja huko huendelea kuhesabiwa, na deni huandikwa kwa jina la mzee.

Naonelea watoto wote, hata walio Nairobi, wakutane kabla ya mizigo kufungwa. Waamue ni nani atakayelipa deni la zamani, atakayeomba maji yafungwe, na atakayechangia stima kule aendako mzazi.

Wapo wanaotupia macho posho ya Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi kwa wazee waliosajiliwa wa miaka 70 na zaidi. Hilo si haki. Fedha hizo ni za mzee, wala si mfuko wa kuwashia nyumba nzima taa. Aliyetulea bila kututoza, na tumlee vivyo hivyo.