Siku mbili bila "bei gani?": panga safari yako ndogo, na nenda mwenyewe

Leo hatuongelei tangazo wala namna ya kupiga picha bidhaa. Tunaongelea kitu ambacho wengi wetu tukikisikia tunacheka kwanza: kupumzika. Namaanisha kuondoka nyumbani wikendi moja, peke yako, kwenda mahali pa karibu, ulale usiku mmoja au miwili, urudi. Msimamo wangu ni kwamba safari hiyo ni sehemu ya kazi. Ipange kama unavyopanga kwenda kuchukua mzigo Kariakoo.

Tuanze na hili. Mtu aliyeajiriwa Tanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa kawaida ana haki ya likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 zenye malipo. Tena kila wiki anatakiwa apate angalau saa 24 za mapumziko. Wewe ambaye ni bosi wako mwenyewe umejipa siku ngapi? Mwenye fremu akishusha shata saa 2 usiku, duka limefungwa na kila mtu anaelewa. Duka letu sisi liko kwenye simu, na simu tunalala nayo. Mteja anauliza "bei?" saa 5 usiku na wewe unajibu, jicho moja limefumba.

Matokeo yake tunayajua, ila hatuyaandiki kwenye daftari. Unaanza kumjibu mteja kwa mkato. Mzigo wa Mbezi unaenda Mbagala na boda unamlipa mara mbili. Unanunua bidhaa kwa pupa kwa sababu umechoka kupiga hesabu. Hiyo yote ni hasara, na chanzo chake ni mwili uliochoka.

Kwa nini peke yako?

Najua wengi watabisha hapa. Safari ya na marafiki ni nzuri, lakini ina mambo yake. Kwanza haifiki: mmoja hana hela mwezi huu, mwingine ana harusi, mpaka mwaka unaisha mko kwenye kundi la WhatsApp mnapanga tarehe. Pili, inapandisha gharama, maana mnakula wanapotaka kula wengi. Na ya kwenda na familia ni jambo la baraka, ila tuambizane ukweli: mama akisafiri na watoto watatu, anahamisha kazi kutoka jiko moja kwenda lingine.

Peke yako unaamka unapotaka, unakula unachomudu, na la muhimu zaidi, unapata nafasi ya kufikiri. Ni lini mara ya mwisho ulikaa saa nzima ukajiuliza ni bidhaa gani inakupa faida kweli, na ipi unaiuza kwa mazoea tu? Swali hilo halijibiki huku unafunga vifurushi.

Kwa nini karibu?

Kwa sababu safari ya mbali inakula siku zako mbili barabarani. Mimi nasema ikizidi saa tatu nne za njiani, hiyo iache kwa likizo ndefu. Natumia mfano wa Dar kwa kuwa wengi wenu mko hapa, ila kila mkoa una pa kwake. Wa Mwanza ana kisiwa cha Saanane, wa Tanga ana mapango ya Amboni, wa Arusha ana Ziwa Duluti, wa Mbeya ana Ziwa Ngosi.

Kwa Dar, mimi naona Bagamoyo ndiyo pa kuanzia. Ni kaskazini mwa jiji, njia ya Tegeta, Bunju na Mapinga, na magari ya abiria yapo. Jumamosi ukifika asubuhi unaacha begi gesti, unazunguka Mji Mkongwe na Boma la Wajerumani, jioni unakaa ufukweni soko la samaki likichangamka. Jumapili unaenda magofu ya Kaole, kwenye mabaki ya msikiti wa karne ya 13, au unapita misheni ya Wakatoliki iliyoanza 1868. Hapo ndipo mwili wa David Livingstone ulipofikishwa mwaka 1874, baada ya akina Chuma na Susi kuusafirisha kutoka bara. Ule ni mji wa wafanyabiashara wenzetu wa zamani, ingawa si biashara zote zilizopita pale ni za kujivunia. Pembe za ndovu zilipita, na binadamu waliofanywa watumwa walipita. Hata jina lake watu hulieleza kwa "bwaga moyo": wapo wanaosema ni wapagazi waliofika pwani wakatua mizigo, wapo wanaosema ni kilio cha mateka waliokata tamaa. Ukitembea pale peke yako bila haraka, unapata cha kuwaza.

Anayependa mlima aende Morogoro. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 13,000. Unashuka ukiiona milima ya Uluguru mbele yako, na njia ya kupanda hadi Morningside unaweza kuitembea ndani ya siku moja. Tafuta mwongozaji, usipande mwenyewe.

Chagua tarehe kama mfanyabiashara

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Usiondoke mwisho wa mwezi mishahara ikitoka. Usiondoke wiki ya kabla ya Iddi, Desemba, wala Januari watoto wakirudi shule kama unauza viatu na mabegi. Fungua daftari lako, angalia miezi mitatu iliyopita, tafuta wikendi iliyopoa. Kwa wengi wetu ni katikati ya mwezi. Na kama Jumamosi ndiyo siku yako ya mauzo, basi wikendi yako iwe Jumatatu na Jumanne. Nani alisema lazima ufuate kalenda ya ofisini? Siku za katikati ya wiki gesti nyingi hazina watu, na bei unaweza kuongea.

Ukishachagua, andika tarehe na ulipie kitu kimoja, hata chumba usiku mmoja. Safari ambayo haijalipiwa chochote huahirishwa.

Hela ya mteja isipande gari

Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni mwangu. Kama kuna mteja amelipia na mzigo wake haujamfikia, husafiri. Siku tatu kabla acha kupokea malipo ya oda ambazo huwezi kuzimaliza. Siku ya mwisho kila kifurushi kiwe kimetoka na kila mteja amethibitisha kupokea. Fikiria mtu amelipa elfu 45 ya gauni, anakuona kwenye status umekaa ufukweni. Hatafikiri umepumzika. Atafikiri gauni lake ndilo unalolila bata. Na anayo haki ya kuwaza hivyo, maana biashara ya mtandaoni imejaa matapeli na kitu pekee kinachokutenga nao ni uaminifu wako.

Na hela ya safari itoke wapi? Isitoke kwenye mtaji. Itoke kwenye kile unachojilipa. Kama hujilipi, anzia hapo, hata kama ni kidogo. Piga hesabu ya mambo matano: nauli kwenda na kurudi, chumba, chakula, viingilio na mwongozaji, na akiba ya dharura ambayo huigusi. Piga simu uulize bei za leo, usitegemee za rafiki yako aliyekwenda mwaka juzi. Jumla gawa kwa wiki nane, weka kila wiki kwenye kibubu au laini tofauti na ile ya biashara.

Mwenye marejesho ya kausha damu, wewe lipa deni kwanza. Lakini hata wewe hukosi kabisa. Panda pantoni asubuhi, shuka Kigamboni, kaa ufukweni mpaka alasiri na chakula ulichobeba nyumbani, rudi. Ni siku moja badala ya mbili, na inahesabika.

Duka nalo unalifungaje?

Wanaotumia WhatsApp ya biashara, kuna ujumbe wa kutokuwepo. Unauandika na kuupangia saa za kuanza na kuisha. Kumbuka kitu kimoja: haujitumi kama simu haina intaneti. Kwa hiyo acha bando likiwa hewani, zima sauti na arifa. Andika hivi, au ubadilishe utakavyo:

"Habari! Jumamosi na Jumapili tumefunga. Oda zote zitajibiwa Jumatatu kuanzia saa 3 asubuhi na mizigo itaanza kutoka siku hiyohiyo. Bei ziko kwenye katalogi. Asante kwa kutusubiri."

Usiseme umesafiri, wala uko wapi. Umefunga, inatosha. Tangazo hilohilo liweke kwenye status tangu Alhamisi, na wateja wako wa jumla wapigie wewe mwenyewe.

Kama una msaidizi, akaunti yako unaweza kuiunganisha kwenye kifaa kingine akawa anajibu maswali na kuandika oda. Namba ya siri ya hela usimpe. Na mzigo usitoke siku hizo, kwa sababu meseji za malipo za kughushi zipo na yeye hana namna ya kuangalia salio. Aandike tu, wewe utathibitisha Jumatatu.

"Wateja watakimbia!" Wachache wataondoka, ndiyo. Anayetaka leo atanunua kwingine. Lakini mteja wa kweli, anayekuamini kwa ubora na kwa ahadi, anasubiri siku mbili. Ukirudi ukakuta ujumbe 30 na 20 kati yake bado wanataka bidhaa, umejifunza kitu kuhusu biashara yako ambacho hakuna semina ingekufundisha. Na ukikuta wote wamepotea, hilo nalo ni somo: ulikuwa unauza haraka yako ya kujibu, na bidhaa yenyewe haina cha kumshika mtu. Bora ujue sasa.

Watu watasema nini, na usalama

Kina dada mnaniuliza sana hili. Mwanamke akisema anasafiri peke yake, swali la kwanza ni "unaenda kwa nani?" Sina dawa ya midomo ya watu. Nina ushauri wa usalama, na unawahusu kaka zetu pia.

Mwambie mtu mmoja unayemwamini: jina la gesti, namba yao, gari utakalopanda, saa ya kurudi. Kubalianeni saa ya kumpigia kila jioni. Fika mchana, usifike usiku mahali usipopajua. Chumba kiwe na komeo la ndani linalofunga, likague kabla hujalipa. Ufukwe usio na watu jua likizama, achana nao. Beba kitambulisho, beba hela taslimu kidogo na uigawe sehemu mbili. Picha piga uwezavyo, ila uzirushe ukishafika nyumbani. Anayefuatilia ukurasa wako anajua unauza, na anajua nyumbani kuna stoo.

Ukiwa huko

Siku ya kwanza usifanye chochote cha biashara. Lala, tembea, kula samaki. Siku ya pili asubuhi toa daftari, jibu maswali matatu tu: bidhaa gani niache? Kazi gani nimpe mtu mwingine anisaidie? Wikendi ijayo kama hii ni lini? Ukimaliza, funga daftari. Rudi mapema, ufike nyumbani kabla ya giza, ulale, ili Jumatatu saa 3 uwe hewani kama ulivyoahidi. Hapo usichelewe hata dakika, maana mteja aliyesubiri siku mbili anaangalia saa.

Biashara ambayo haiwezi kukaa siku mbili bila wewe itakusumbua siku utakapougua, utakapojifungua, au utakapopata msiba. Siku hizo hazitoi taarifa. Ni heri ujaribu kwa hiari yako katikati ya mwezi uliopoa, ukiwa mzima, ukiwa Bagamoyo unakula pweza.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni moja. Fungua daftari, tafuta wikendi iliyopoa ndani ya miezi miwili ijayo, iandike. Halafu niandikieni hapo chini: uko mkoa gani, na kwenu pa karibu pa kupumzika ni wapi? Tupeane maeneo, na bei za kweli.