Historia ya Tukuyu Stars Iandikwe Sasa

Mwaka 1986 ubingwa wa soka wa Tanzania Bara ulipanda milima ya Rungwe. Tukuyu Stars, Banyambala, ndiyo kwanza walikuwa wamepanda daraja, na msimu huohuo wakawaacha nyuma Simba na Yanga wenye mashabiki kila kona ya nchi. Kabla yao Mseto ya Morogoro ilikuwa imetwaa taji hilo mwaka 1975. Lakini Tukuyu si makao makuu ya mkoa, ni mji mdogo wa mvua, chai na ndizi, na mpira wa siku hizo ulikuwa wa ridhaa. Nani aliyechangisha nauli? Wachezaji walilala wapi safarini, na mgomba wa nani ulikatwa ili wale? Maswali hayo hayajibiwi na jedwali la ligi. Yanajibiwa na daftari la michango lenye kurasa zilizolowa, na picha ya kikosi iliyofifia ambayo nyuma yake majina yameandikwa kwa kalamu ya risasi. Vitu hivyo, kama vingalipo, vimo ndani ya masanduku ya wazee, na wazee wanatutoka.

Wapo watakaosema kwamba klabu iliyovuma msimu mmoja, kisha isikae sana ikashuka daraja, haina historia ya kuandikwa. Mimi naona kushuka kwake ndiko kunakotudai kalamu zaidi. Tumezoea kusimulia kwamba wakubwa wa Dar es Salaam waliwachukua wachezaji, basi, tukaishia hapo. Huenda ndivyo; lakini bila kumbukumbu za vikao hatuwezi kujua kama uongozi ulijiandaa, kama fedha za milangoni zilitunzwa, wala kama chipukizi waliandaliwa kushika nafasi za walioondoka. Timu nyingi za wilayani zimepanda na kuporomoka baada ya hapo, kila moja ikianza upya kana kwamba haijatanguliwa na mtu.

Wengine watauliza fedha za kazi hiyo zitoke wapi, ilhali timu zenyewe hazina hata mipira ya mazoezi. Hoja hiyo ina uzito, lakini hatuzungumzii jumba la makumbusho; tunazungumzia kutunza karatasi na kumbukumbu. Sheffield FC ya Uingereza, klabu ya ridhaa iliyoanzishwa mwaka 1857, ilitunza kanuni zake za mwanzo zilizoandikwa kwa mkono. Mwaka 2011 iliziuza mnadani London, pamoja na karatasi nyingine za klabu, kwa zaidi ya pauni 880,000. Sisemi Tukuyu wauze chochote. Nasema karatasi hizo zilipona kwa sababu zilitunzwa. Nasi tunaweza kuanza na tulichonacho: walimu wa sekondari za Rungwe wanao wanafunzi wenye simu za kurekodi. Wawatume likizo hii kwa waliocheza, waliofua jezi na waliokata tiketi, wakaanze na wazee zaidi.