Taka za picha Kyela ziwekwe kwenye ramani

Takwimu za taka zinazotokana na utengenezaji wa picha wilayani Kyela ziwekwe kwenye ramani ya kidijitali, ambayo mwananchi ataibofya kwenye simu yake na kuona, kata kwa kata, kinachozalishwa na kinakoishia.

Mabango ya fleksi yanayochapishwa picha ni plastiki ya PVC. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, lakini bango la kampeni au la harusi halikuguswa. Likichomwa hutoa moshi wenye sumu; likitupwa mtaroni, masika hulibeba. Dawa ya kusafishia filamu za eksirei nayo hubaki na madini ya fedha, sumu kwa viumbe vya majini.

Na Kyela ni tambarare ya mafuriko. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe yote huishia Ziwa Nyasa, ambalo maji yake hutokea mlango mmoja tu, Mto Shire, mbali kusini. Uchafu ukiingia hukawia mno kutoka. Samaki aina ya mbasa, kitoweo cha watu wa huku, hupanda mito hiyohiyo kutaga.

Jedwali lililofungiwa kwenye faili la ofisi halimsaidii mvuvi wa Matema. Wenye dhamana wahesabu wachapishaji, studio na vyumba vya eksirei, na ramani iwe wazi kwa wote kabla ya masika yajayo.