Hita ya maji moto nyumbani: Kabla mtoto hajaoga, uliza ni nyuzi ngapi

Mwezi Juni mwaka jana, baridi ya Mbeya ilipoanza kuuma, dada yangu alinipigia simu akiwa na furaha. Hita ya maji tuliyochangiana kuinunua ilikuwa imeshafungwa bafuni kwake.

"Mdogo wangu, maji yanaunguza hayo! Ukileta kuku unamnyonyoa pale pale bombani," aliniambia. Tukacheka wote.

Mimi ninaandika habari za afya kila wiki. Maneno yale yalitosha kunishtua, lakini sikushtuka. Nilimwambia hongera, tukaendelea na habari nyingine.

Siku kumi na moja baadaye mwanawe, ambaye kwangu ni mwanangu pia, alikuwa amekaa kwenye beseni chini ya bomba. Ana mwaka mmoja na miezi minane. Mama yake aligeuka kuchukua taulo ukutani. Mtoto akaishika koki yenye alama nyekundu, akaivuta kama alivyozoea kuona wakubwa wakifanya. Dada anasema alipogeuka aliona mvuke kabla hajasikia kilio.

Mtoto amepona. Mguu wa kushoto, kuanzia gotini hadi kwenye vidole, una kovu ambalo daktari amesema litafuatiliwa kadiri anavyokua, kwa sababu ngozi ya kovu hainyooki kama ngozi nyingine. Nimeandika haya kwa ruhusa ya mama yake. Naye ameniomba jambo moja: niwaeleze wazazi wenzake kile ambacho hakuna mtu aliyemweleza siku hita inafungwa.

Nyuzi chache, tofauti kubwa

Baada ya tukio tulipima maji ya lile bomba. Yalikuwa nyuzi 71 za Selsiasi. Fundi alipoulizwa alijibu bila kuficha: wateja wengi humlalamikia kwamba maji hayachemki vizuri, hivyo yeye huzungusha kidhibiti joto hadi mwisho ili asiitwe tena.

Hebu tazama maana ya nyuzi hizo. Maji ya nyuzi 70 humuunguza mtu mzima vibaya kwa muda usiofika sekunde moja. Yakiwa nyuzi 60, ni kama sekunde tano. Yakiwa nyuzi 55, ni kama nusu dakika. Yakishuka hadi 49, huchukua dakika kadhaa.

Hapo ni ngozi ya mtu mzima. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, hivyo huungua haraka zaidi. Isitoshe, mtoto mdogo hajui kukimbia. Akiungua huganda pale pale na kulia.

Kwa hiyo ukishusha kutoka 70 hadi 49 unapata muda wa kugeuka, kumwona mtoto na kumtoa. Ndiyo maana jimbo la Washington nchini Marekani lilitunga sheria mwaka 1983 kwamba hita mpya za majumbani ziwekwe kwenye nyuzi 49, na watoto walioungua kwa maji ya bomba wakapungua hospitalini. Hawakununua mashine mpya. Walizungusha kidhibiti tu.

Basi tushushe tu?

Hapa pana jambo la kuangalia. Maji ya uvuguvugu yaliyotuama ndani ya tangi ni makazi mazuri ya bakteria anayeitwa Legionela. Hustawi kati ya nyuzi 20 na 45 hivi, na mtu humpata kwa kuvuta matone madogo ya maji, kama yale ya shawa, si kwa kunywa. Husababisha homa kali ya mapafu. Jina lake lilitokana na mkutano wa maveterani wa kijeshi uliofanyika Philadelphia, Marekani, mwaka 1976, ambapo wengi waliugua na baadhi wakafariki.

Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri maji yaliyo ndani ya tangi yawe nyuzi 60, ila yanayotoka bombani yasifike huko. Linawezekanaje? Kuna valvu ya kuchanganyia maji. Hufungwa kwenye bomba linalotoka kwenye hita, nayo huchanganya maji moto na ya baridi yenyewe kabla hayajafika bafuni. Ni kifaa kidogo kinachokaa kiganjani. Ukienda kununua hita, kiulizie na uone kiwe kwenye orodha ya vifaa vya fundi.

Kama uwezo wa kununua valvu haupo na nyumbani kuna watoto wadogo, weka kidhibiti kwenye nyuzi 49 au 50. Hizo ziko juu ya kiwango anachostawi bakteria huyo. Usishushe hadi 40 ukidhani unaokoa umeme. Lakini kama unaishi na mzee sana au mtu mwenye kinga dhaifu, jibane upate valvu.

Wenye hita za jua wasijione wako salama. Siku ya jua kali maji ya tangi lililo juu ya bati yanaweza kupita nyuzi 60 kwa mbali, na hakuna kitufe cha kuyashusha. Kwao valvu ya kuchanganyia ni ya lazima.

Namna ya kupima

Asubuhi kabla mtu hajaoga, fungua maji moto pekee kwa dakika mbili, kinga kwenye kikombe, tumbukiza kipimajoto cha jikoni. Usitumie kile cha kupimia homa. Chenyewe huishia karibu na nyuzi 42, na cha kioo kinaweza kupasuka.

Kama hita ina kitufe cha nje, punguza, subiri saa kadhaa, upime tena. Kama kidhibiti kiko ndani ya kifuniko, usikifungue mwenyewe. Nyuma ya kifuniko hicho kuna nyaya za umeme. Mwite fundi, na azime umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa.

Siku ya kufunga, simama na fundi

Sisi wanawake mara nyingi tukiona fundi kaingia tunarudi jikoni. Safari hii baki. Haya ndiyo ya kuhakikisha:

Kwanza, waya wa ethi. Umeme ukivuja ndani ya hita, waya huu huupeleka ardhini badala ya kupita mwilini mwa anayeoga. Kuna nyumba watu wanaoga na ndala kwa sababu "bomba linarusha". Ndala si tiba. Ukihisi mtetemo wowote ukigusa bomba au maji, zima kwenye swichi kuu na mtu asioge hadi ikaguliwe. Mwombe fundi pia aweke kile kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja. Na awe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Fundi bomba, hata awe hodari vipi, ana kazi yake na umeme una wenyewe.

Pili, laini yake peke yake. Hita ya shawa ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 24, wakati plagi ya kawaida imetengenezwa kwa ampea 13. Ukiichomeka kwenye soketi ya pasi, unachemsha nyaya zilizo ndani ya ukuta.

Tatu, valvu ya usalama. Maji yakipata moto hutanuka. Lita 100 zikitoka nyuzi 20 kwenda 60 huongezeka kama lita moja na nusu, na maji hayo lazima yapate pa kutokea. Kidhibiti kikiharibika, valvu hiyo ndiyo huzuia tangi lisipasuke, kwa sababu maji yakigeuka mvuke hujaa nafasi zaidi ya mara 1,600. Fundi akikuambia "inadondosha, ngoja niizibe", mwambie aache vifaa chini. Isizibwe hata siku moja. Ifungiwe bomba dogo la kupeleka matone nje, mbali na mahali watoto wanaposimama.

Nne, tangi lijae kwanza. Fungua koki ya maji moto hadi maji yatiririke bila kukohoa, ndipo uwashe. Na siku za mgao, maji yakikatika, zima hita.

Ikianza kusumbua

Maji hayapati moto kabisa: angalia kama swichi yake imejikata. Irudishe mara moja tu. Ikijikata tena, kuna hitilafu. Usiing'ang'anize.

Yanachelewa kupata moto na tangi linanguruma: mara nyingi ni ukoko mweupe uliojenga juu ya chuma kinachochemsha. Hutokea sana kwenye maji ya chumvi ya visima. Fundi hufungua na kusafisha.

Yanakuwa moto ghafla ukiwa unaoga: kwa hita za shawa, kasi ya maji ikipungua joto hupanda. Mtu akifungua bomba la jikoni, aliyeko bafuni anaungua. Ukimwogesha mtoto, tangaza nyumba nzima isifungue maji. Bora zaidi, kinga kwenye beseni kwanza, pima, ndipo umwingize.

Yanatoka na mvuke mwingi kuliko kawaida, au valvu inamwaga mfululizo: zima umeme, usimwogeshe mtu, mwite fundi siku hiyo hiyo.

Kwa wanaotumia hita ya gesi: isifungwe ndani ya bafu lisilo na njia ya hewa. Moto wa gesi ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi na huua. Mkianza kuumwa kichwa na kizunguzungu wote pamoja, kisha mkitoka nje mnapata nafuu, zimeni gesi, tokeni nje, mwende hospitali.

Wasio na hita nao

Najua wasomaji wengi huchemsha maji jikoni au kwa hita ya kutumbukiza kwenye ndoo. Kanuni ni moja: maji ya baridi yatangulie kwenye beseni, ya moto yafuate. Ukitanguliza ya moto ukaenda kuchota ya baridi, umeacha mtego sakafuni. Ndoo inayochemka isikae chini wala mahali mtoto anapoweza kuvuta waya. Na usichovye kidole kuangalia kama maji yameiva kabla hujachomoa umeme.

Maji ya kumwogesha mtoto yawe nyuzi 37 hivi. Pima kwa kiwiko. Ukisikia uvuguvugu tu, yanafaa.

Akiungua

Hapa ndipo tulipokosea mara ya pili. Jirani alikuja mbio na dawa ya meno, bibi akashauri yai. Walifanya kwa upendo, lakini nesi alilazimika kuvikwangua vyote kutoka kwenye jeraha bichi.

Fanya hivi. Mtoe kwenye maji moto. Vua nguo, nepi na bangili haraka, ila kilichogandia kwenye ngozi kiache. Mwagia maji safi ya baridi ya bomba mahali palipoungua kwa dakika 20 kamili. Tazama saa, maana dakika 20 za kilio cha mtoto ni ndefu. Maji yamekatika? Chota kwa kikombe, mwagia taratibu bila kuacha. Hata zikishapita saa mbili tatu, bado husaidia. Sehemu nyingine ya mwili ifunike asipatwe na baridi.

Usitumie barafu, asali, siagi, yai, mafuta wala dawa ya meno. Usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, uende kituo cha afya. Kwa mtoto mchanga, au akiungua usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri, au mahali panapozidi ukubwa wa kiganja chake, usisubiri kesho.

Hita ya dada bado ipo. Ina valvu ya kuchanganyia, waya wa ethi, na karatasi iliyobandikwa ukutani: "Bombani 49." Mwanawe sasa anakimbia, ila akisikia maji yakitiririka hutafuta miguu ya mama yake kwanza.

Leo jioni, kabla hujamwita mtoto kuoga, kinga kikombe kimoja cha maji moto, upime. Na ndugu yako akikupigia simu kwamba hita yake mpya inanyonyoa kuku, usicheke kama nilivyocheka mimi. Muulize ni nyuzi ngapi.

Tukutane wiki ijayo.