CHUO NI MWALIMU, SI JINA

Tangu msimu wa korosho kwisha, sisi walimu wa Nachingwea na Ruangwa tumekuwa na mabishano makubwa. Yuko kijana mmoja wa kwetu, mwenye miaka 17, apigaye fidla kupita wote tuliopata kuwafundisha. Hatuna tena la kumwongezea. Wazazi wake wako tayari kuuza shamba la mikorosho ili aende chuo cha muziki, nao wametuuliza: chuo kipi?

Majibu waliyopewa yametusikitisha. Mmoja wetu alisema, “Aende London, kwenye chuo cha kifalme kilichoanzishwa mwaka 1882.” Wa pili akasema, “Nairobi, maana chuo cha huko ni cha tangu mwaka 1944.” Wa tatu akasema, “Mchagua jembe si mkulima. Popote watakapompokea, na aende.” Hakuna aliyeuliza ni nani atakayemfundisha, wala ni muziki gani atakaoupiga. Shauri la namna hii twalipinga waziwazi. Mithali ile ni ya jembe. Mwalimu si jembe.

Twalipinga kwa kuwa sisi wenyewe tulipata kulitoa. Miaka iliyopita tulimsifia mzazi mwingine chuo kimoja cha mbali, ambacho hatutakitaja, kwa sababu tulivutwa na jina lake na picha za majumba yake. Kijana alipofika alikuta mwalimu wa fidla huja mara moja kwa mwezi. Akarudi baada ya mwaka, ada imekwisha kuliwa, na mkono wake wa upinde ni ule ule aliotoka nao. Mzazi wake hakutulaumu kwa neno hata moja. Nasi tungalipenda atulaumu.

Chuo ni nini, basi? Fidla haifundishwi na kuta. Mwanafunzi husimama mbele ya mwalimu mmoja, juma kwa juma, naye humsahihisha kidole, bega na upinde. Mwalimu akiwa hafifu, au akiwa hayupo, chuo nacho hakipo, hata kiwe na umri wa miaka mia.

Tena yapasa kujua ni muziki gani utakaopigwa. Fidla ni moja, walakini njia zake si moja. Mpigaji wa Kizungu hulinganisha nyuzi zake nne kwa sauti za sol, re, la, mi. Wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu huzilinganisha sol, re, sol, re, na vidole vyao hutafuta sauti za kati ambazo kinanda hakinazo. Atakaye taarabu atafuata nini London? Na autazame mji wa Unguja, ambako Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianza mwaka 2002. Atakaye nota na shahada, autazame Chuo Kikuu cha Makumira karibu na Arusha. Apendaye zeze na ngoma zetu, aitazame Bagamoyo, alikofundisha marehemu Hukwe Zawose. Na kote huko aulize kwanza: mwalimu wa ala yangu ni nani, hufundisha siku ngapi, na chuo chenyewe kitasimama mpaka nimalize? Maana hata chuo cha Unguja, pamoja na sifa zake zote, mwaka 2019 kilikaribia kufungwa kwa kukosa fedha.

Watu wa kale walilijua jambo hili. Yasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alipotaka muziki wa Kimisri katika jumba lake, alimtuma Mohamed Ibrahim huko Misri akajifunze kanuni. Hakuutafuta mji wenye sifa kuu kuliko yote duniani; alimpeleka kwa mabingwa wa kitu kile kile alichokitaka.

Watatuambia kwamba twamfungia kijana mlango wa Ulaya. Sivyo. Atakayeitwa huko na aende. Lakini tuseme kweli: wengi wa wale atakaoshindana nao katika majaribio ya kuingia walianza kushika upinde wakiwa na miaka mitano au sita; wa kwetu alianza akiwa na miaka 13. Hilo si kosa lake, wala si upungufu wa kipaji. Ndiyo sababu ya kumtafutia kwanza mwalimu wa kumjenga, wala si kuuza shamba kwa ajili ya tikiti ya ndege.

Shauri letu ni hili. Kabla shamba halijauzwa, kijana achukue fidla yake, asafiri, awafikie walimu wawili watatu, na kuwaomba somo moja moja. Kisha arudi atueleze ni nani aliyemwonyesha kosa ambalo sisi hatukuliona. Huyo ndiye chuo chake. Nauli ya safari hiyo ni ndogo, na baadhi yetu tumekwisha kuahidi kuichanga.

Mikorosho ikiuzwa leo, mingine yaweza kupandwa, nayo itazaa baada ya miaka kadhaa. Ujana ukipotea haupandwi tena. Wahenga walisema: usisafirie nyota ya mwenzio. Nasi walimu, tulioulizwa njia, tusiwe wa kwanza kumwonyesha mtoto wa watu nyota isiyo yake.