KINYAGO CHAPENDWA, FUNDI WAKE JE?



Sisi wa Langoni tulioajiriwa relini, kila turudipo Lamu kwa likizo twapita kwenye maduka na kuona jambo ambalo lafaa tulizungumze katika karatasi yetu hii. Ukutani mwa duka vimetundikwa vinyago: uso wa simba, uso wa nyati, uso wa nyani. Mgeni hushika kimoja, huuliza bei, hulipa, huenda zake. Jina la fundi haulizi, na mwenye duka hamwambii.

Kwanza tuseme kweli. Kinyago cha mnyama si kazi ya asili ya Lamu. Mafundi wetu ni wa milango, viti, vitanda na vyombo vya bahari. Nakshi zao ni maua na mistari, kwa kuwa Waislamu wa pwani hawakupenda kuchonga sura za viumbe. Vinyago vyatoka mbali, na walio mashuhuri zaidi katika Afrika Mashariki kwa kinyago cha kuvaa ni Wamakonde wa kusini ya Tanzania na kaskazini ya Msumbiji.

Kwao kinyago si pambo la ukuta. Huchongwa kwa mti mwepesi, kikachimbwa ndani kama kofia na kubandikwa nywele. Mchezaji hukivaa kichwani akaona njia kwa tundu la mdomo, na mwili wote hufunikwa nguo asijulikane ni nani. Katika ngoma ya mapiko, vijana watokapo jandoni, huonekana sura za watu, za mashetani na za wanyama.

Sasa sikilizeni habari ya hao wenye kazi. Kabla ya uhuru wa 1963 Wamakonde wengi waliletwa Kenya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa huku pwani. Walikata mkonge, wakazaa watoto, wakazeeka, na bado wakaitwa wageni. Hawakuwa na kitambulisho. Asiye na kitambulisho haandikwi kazi ya halali, hafungui hesabu benki, hamiliki ardhi. Miaka hiyo yote vinyago vya Kimakonde vilisifiwa na kununuliwa na watu wa dunia nzima. Mcheza kwao hutuzwa. Hawa walicheza nchini walimozaliwa, wasituzwe.

Walikombolewa na nini? Na miguu yao. Oktoba 1916 haikuwa, wala si hadithi ya wazee: ilikuwa Oktoba 2016, walipotoka Kwale wakaenda kwa miguu mpaka Nairobi kudai haki. Serikali iliwasikia, na 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mmoja peke yake angalirudishwa njiani. Waliokwenda pamoja walifika.

Liko na jambo la ngozi. Wako wanunuzi watakao kinyago chenye manyoya ya mbega au vazi la ngozi ya chui. Fundi asikubali. Kenya ilikataza uwindaji 1977, na biashara ya ngozi za wanyama wa mwitu 1978, na sheria ya 2013 imezidisha adhabu. Mnunuzi atapanda ndege, fundi ataingia kifungoni. Ngozi ya mbuzi na nyuzi za katani zatosha kabisa kwa manyoya, na hakuna askari atakayezikamata.

Twaomba nini basi? Mambo mawili. La kwanza, kila kinyago kiuzwacho Langoni kiwe na kikaratasi chenye jina la fundi na mahali atokapo. Mwenye duka asiseme ni kazi ya kale ya Lamu, maana huko ni kumnyang'anya mtu jasho lake mara mbili: kwanza bei, kisha jina.

La pili, mafundi wa Langoni wenyewe, wa milango na wa vyombo, waache kuuza kila mtu kivyake kwa bei atakayo dalali. Sisi tufanyao kazi Mombasa tumeona mfano pale Changamwe, ambapo wachongaji wa Kikamba waliunda chama chao cha ushirika 1963, wakauza mali yao chini ya dari moja. Sisi wa reli twajua maana yake: mshahara wetu haukupandishwa na huruma ya mtu, ulipandishwa na chama.

Wazee walisema kinyago hakimtishi aliyekichonga. Bei ya dalali nayo ni kinyago: yatisha kwa sababu twaitazama kwa mbele. Tuigeuze tuone nyuma, tutaona ni kazi ya mikono yetu.

Umoja ni nguvu.