Kidudu Kinachotuletea Mafuta ya Ngazi



Wiki hii tuingie jikoni. Hakuna kati yetu asiyejua mafuta ya ngazi. Sombe bila mafuta hayo watoto wanaikataa, na maharagwe nayo yanayadai. Bei ikipanda sokoni, sisi ndio wa kwanza kujua, kwa maana chupa ile ile tunaanza kuipima kwa kijiko. Hapo tunauliza habari za barabara, habari za gari-moshi, habari za dola. Ni mara chache tunauliza swali la mwanzo kabisa: ngazi yenyewe inazaaje?

Huku kwetu miti ya ngazi haistawi vizuri. Kiangazi chetu ni kirefu, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba tunaijua. Mti huu, ambao ndugu zetu wa Kigoma wanauita mchikichi, unataka joto na mvua karibu mwaka mzima. Ndiyo sababu mafuta yetu yanatoka mbali, upande wa kaskazini.

Mti mmoja wa ngazi una maua ya kiume na maua ya kike, lakini huyatoa kwa zamu. Kwa muda unatoa ya kiume tu, kisha unageuka na kutoa ya kike. Kwa hiyo ua la kike likifunguka, mara nyingi hakuna ua la kiume lililo tayari kwenye mti huo huo. Ni lazima unga wa ua, ambao wenye elimu wanauita chavua, utoke kwa mti jirani. Na ua la kike linangoja siku mbili au tatu tu. Zikipita, hakuna tunda.

Nani anabeba unga huo? Zamani wataalamu wengi walisema ni upepo. Kumbe kazi kubwa inafanywa na kidudu cheusi-kahawia chenye pua ndefu, kidogo kuliko punje ya mchele. Ni wa ukoo mmoja na fukusi, yule anayetoboa mahindi yetu ndani ya gunia. Fukusi ni adui wa mama, lakini ndugu yake huyu anatulisha. Ua la kiume linatoa harufu tamu, naye anakuja kula na kutaga mayai humo. Akitoka, mwili wote umejaa unga. Ua la kike nalo linatoa harufu inayofanana na ile. Kidudu kinadanganyika, kinaingia, hakikuti chakula, kinaondoka. Lakini unga umeshabaki. Baada ya miezi mitano au sita, mkungu wa ngazi umeiva.

Ulimwengu ulijifunza thamani ya kidudu hiki kwa gharama. Mti wa ngazi ni mti wa Afrika. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa katika bustani ya Bogor, Indonesia, na mwaka 1917 Malaysia ikaanza mashamba makubwa ya biashara. Mti ulisafiri, kidudu kikabaki Afrika. Huko Malaysia wafanyakazi walilazimika kupita mti kwa mti, wakipulizia maua ya kike unga uliochanganywa na poda. Ndipo mtaalamu wa wadudu kutoka Pakistan, Rahman Syed, alipokwenda Kameruni kuangalia maua ya ngazi kwa subira. Aliona ni nani hasa anayefanya kazi. Mwaka 1981, baada ya uchunguzi mwingi, vidudu vya Kameruni viliachiliwa katika mashamba ya Malaysia. Jina lao la kitaalamu ni Elaeidobius kamerunicus. Havikuchukua muda kuzaana na kuenea. Matunda yakaongezeka, na ile kazi ya kupulizia kwa mkono ikaachwa.

Sisi Wakongo tuna historia yetu ndefu ya ngazi. Sosieti ya Lever ilianza kazi yake hapa mwaka 1911. Mwaka 1941 wataalamu wa Yangambi walieleza siri ya mbegu yenye ganda jembamba na nyama nyingi, ambayo leo inapandwa dunia nzima. Lakini mbegu hiyo nzuri nayo inakaa bila tunda kama hakuna wa kuleta unga.

Kwa hiyo, mama mwenye wazazi au wakwe wanaolima ngazi huko kaskazini, wapelekee neno hili. Asiyejua anaweza kusema: ua la kiume halizai, tulikate tupate kuni. Asilikate, hata likikauka. Ndani yake watoto wa kidudu wanakula na kukua, na katika muda wa wiki mbili hivi wanatoka kwenda kazini. Wala asipulize dawa juu ya maua.

Neno hilo hilo linatuhusu hapa Annexe. Katika bustani zetu maboga, matango na matikiti yana maua ya kiume na ya kike mbalimbali. Ua la kike utalijua kwa katunda kadogo nyuma yake. Mara nyingi tunaona katunda hako kanageuka njano na kuanguka, kisha maneno yanaanza: mbegu mbaya, jirani ana jicho. Mara nyingi sababu ni kwamba nyuki hawakufika. Ua la boga hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya mchana kuwa mkali, na saa hizo hizo ndizo wengi wetu tunapita na pompi ya dawa.

Tunaomba kila kikundi kijaribu mambo matatu. Kwanza, bustani inayotoa maua isipulizwe dawa bila lazima. Ikibidi, iwe jioni, maua yakiwa yamefungwa. Vikundi vinavyotumia pompi moja vipange zamu za jioni. Pili, kama nyuki ni wachache, chuma ua la kiume la boga asubuhi mapema, toa majani yake, pakaza unga wake katikati ya ua la kike. Tatu, miti michache ya pori iliyobaki kando ya mashamba isikatwe yote kwa ajili ya makala, kwa maana nyuki wanakaa humo.

Fungeni uzi kwenye matunda matano mliyopakaza unga, na mhesabu yaliyobaki baada ya wiki mbili. Mtuletee hesabu hiyo kwenye mkutano, tuiandike hapa.